Uso wa Elfu Thelathini: Kutoka Kariakoo Hadi Coco Beach

Jamani, elfu thelathini haikuisha! Narudia kwa waliosinzia: haikuisha! Fundesheni mbili, poda, penseli, lipstiki, glosi, kope za kubandika na gundi yake, maskara na sponji, vyote vimeingia kwenye kimfuko kimoja na shilingi 500 ikarudi mkononi. Uso uliotoka kwenye kimfuko hicho umenipeleka Coco Beach na mashosti, umekula mihogo, umekula mishikaki, umepigwa na upepo wa bahari, umecheza muziki, umepanda bajaji umerudi nyumbani. Naandika sijaunawa bado. Ningeweza kusubiri asubuhi nikaandika kwa utulivu, lakini utulivu wa nini? Habari hii ni ya kuliwa ikiwa ya moto.

Kuna mtu atauliza kwa nini sikwenda saluni. Shosti, saluni ya kawaida hapa Dar ukishakaa kwenye kile kiti, elfu 30 imeondoka kwa uso mmoja wa siku moja, na ukienda kwa yule mwenye wafuasi wengi Instagram unatoka umeacha zaidi ya hapo. Kwa send-off, sawa. Kwa harusi ya dada yako, lipa na bakshishi uongeze. Lakini kwa Ijumaa ya kukaa kwenye viti vya plastiki, miguu mchangani, mnamcheka mwenzenu aliyerudiana na yule kijana kwa mara nyingine tena? Hapana. Jioni ya namna hiyo inataka uso unaoweza kuupaka mwenyewe mbele ya kioo cha kabati, umeme uwepo au ukatike.

Niliingia Kariakoo na sharti moja tu kichwani: pesa nzito iende kwenye kile kinachotakiwa kufanana na ngozi yangu, na vingine vyote nichukue vya bei ya chini kabisa dukani. Nimetoka nikiliamini sharti hilo kuliko nilivyoingia nalo.

Nilikwenda asubuhi, kabla jua halijawaka na kabla mabega hayajaanza kugongana. Ukiiacha Msimbazi ukajitosa kwenye vichochoro, maduka ya vipodozi yamebanana, kila moja lina taa nyeupe kali na kijana mlangoni anayekuita "mrembo" kabla hajakuona sura. Mzigo mwingi unatoka China, na wapo wafanyabiashara wa hapo wanaoijua njia ya Guangzhou kuliko njia ya kijijini kwao. Hao vijana wa dukani msiwadharau hata kidogo! Wanajua rangi kuliko mimi na wewe. Niliposhika chupa ya kwanza, mmoja akaniangalia shingo. Siyo uso, shingo! Akasema, "Dada'angu, hiyo itakutoa majivu. Shuka namba mbili." Nikampa uteja wangu wote hapo hapo.

Na alisema kweli, kwa sababu fundesheni ya bei nafuu haikuaibishi kwa bei yake. Inakuaibisha kwa rangi yake. Mtu hajui kama umenunua kwa 6,000 au kwa 160,000, lakini uso ukiwa Mbeya na shingo ikiwa Mtwara kila mtu anaona. Zile taa nyeupe za dukani nazo zinadanganya, kila rangi inapendeza chini yake. Kwa hiyo nilipaka mistari miwili kwenye taya, nikatoka nje juani, nikanunua maji, nikasimama kivulini kama robo saa nikiwatazama wapita njia. Kusubiri ni lazima. Fundesheni nyingi hubadilika zikikutana na hewa na mafuta ya ngozi. Ile iliyokuwa asali dukani inaweza kuwa tofali ukifika kituoni. Ya kwanza ilitulia, yenye umanjano mzuri, ila ilikuwa nyeupe kidogo kwangu. Ya pili ilikuwa nzito, ina wekundu wa udongo. Nikazichukua zote mbili, 6,000 kila moja, na hapo ndipo raha ilipoanza!

Nazichanganya nyuma ya kiganja: matone mawili ya manjano, tone moja la udongo, na pale katikati nikajiona mwenyewe. Mimi! Rangi yangu kamili, ambayo haipo kwenye chupa yoyote niliyowahi kushika. Ngozi yangu ya Januari, baada ya jua la sikukuu, siyo ngozi yangu ya Juni, na chupa mbili zinanifuata mwaka mzima. Chupa moja ya rangi "sahihi" ingeniacha njiani.

Tena kuchanganya si dalili ya kukosa. Iman, binti wa Mogadishu aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi pale mpiga picha Peter Beard alipomwona mwaka 1975, alifika Marekani akakuta wapambaji hawana fundesheni ya rangi yake, akaanza kujichanganyia mwenyewe. Mwaka 1994 akafungua kampuni yake ya vipodozi. Rihanna naye alipozindua Fenty Beauty mwaka 2017 na rangi 40 za fundesheni, dunia nzima ilishtuka, na ilipoingia rasmi barani Afrika mwaka 2022 orodha ya kwanza ilikuwa na nchi nane, majirani zetu Kenya na Zambia wamo, Tanzania hatumo. Basi tulie? Tunachanganya!

Kupaka kwenyewe: uso nimenawa, losheni nyepesi nimepaka, nikaiacha inywewe na ngozi huku napiga pasi gauni. Ukiharakisha hapa, fundesheni inateleza juu ya losheni na inakaa mabakamabaka. Sponji ya 1,500 nikailowesha, ikavimba, nikaikamua mpaka haidondoshi tone, halafu nikagonga, nikagonga, nikagonga. Usisugue! Tabaka la kwanza jembamba mno, la pili pale tu penye madoa. Sponji kavu inakunywa nusu ya fundesheni yako; sponji yenye maji inakuachia pesa yako usoni.

Poda ni ile ya rangi ya ndizi, 5,000, ya unga, kopo kubwa ambalo kwa mwendo wangu litafika mwakani. Poda nyeupe ya mtoto mwachieni mtoto. Kwenye kioo unaweza kujiona uko sawa, halafu shosti anapiga picha kwa flashi na wewe unatokea kundini umepakwa chokaa. Mkosaji wa pili wa picha za flashi ni krimu na poda zenye zinki au titani, zile za kuzuia jua, kwa sababu kazi yake ni kurudisha mwanga na zinaurudisha mpaka kwenye kamera. Kwa hiyo kabla ya kutoka nilizima taa ya chumbani, nikajipiga picha kwa flashi, nikajikagua chini ya macho. Safi! Poda niliiweka kwenye paji la uso, pua, kidevu na chini ya macho tu. Mashavu nikayaacha yang'ae. Joto la Dar litakung'arisha upende usipende, afadhali ulipangie mahali.

Sasa naomba mkae chini.

Penseli ya kahawia. Ya mbao. Shilingi 1,000. Elfu moja, jamani! Inauzwa kwa jina la wanja wa nyusi, imejaa kwenye ndoo ndogo karibu na mashine ya hesabu kama pipi, na ndiyo malkia wa kimfuko chote. Nyusi ilizijaza, na kwa kuwa ncha yake ni kavu kidogo, ilichora vinywele vidogovidogo badala ya kumwaga rangi nzito ya stempu ya posta. Nikaichora kwenye mkunjo wa kope la juu, nikasugua kwa kidole cha pete, kikatokea kivuli laini ambacho paleti ya rangi mia na ushee isingenipa. Nikaipasha joto kwa kuishika kiganjani, nikaipitisha juu kabisa ya mzizi wa kope. Kisha midomo, na hapa nilipiga kelele peke yangu chumbani: mstari wa kahawia kuzunguka midomo, ukasuguliwa uingie ndani kidogo, ndio ule mtindo wa miaka ya 1990 wa dada zetu wakubwa, umerudi na unapendeza vibaya mno! Kazi nne, penseli moja, elfu moja. Sina la kuongeza ila kwamba uwe na kichongeo, maana kuchonga kwa wembe kunavunja ncha.

Nyusi zangu zinapenda kusimama kila upande, nikazituliza kwa Vaseline kidogo sana kwenye mswaki wa zamani uliooshwa. Jambo hilo lina ukoo: Maybelline ilianza mwaka 1915, na masimulizi ya kampuni yanasema Thomas Lyle Williams alimwona dada yake Mabel akitia rangi kope zake kwa Vaseline na unga wa makaa. Jina lenyewe likatokana na Mabel na Vaseline. Mimi unga wa makaa nimeuacha. Jiko la mkaa lipo barazani, lakini hapana.

Midomo sasa. Lipstiki ya maji, ile inayokauka, rangi ya damu ya mzee, 3,000. Niliichagua rangi hiyo kwa sababu inawapokea watu wote: mweusi tii, maji ya kunde, mweupe, haimkatai mtu. Inafanya kazi hivi: ndani kuna kimiminika chepesi kinachoruka hewani haraka na kuacha utando wa rangi umeng'ang'ania. Maana yake una sekunde chache. Paka, tulia, usibane midomo, usijibu simu. Kabla haijakauka nilichovya kidole nikapachika nukta mbili kila shavu na kusambaza mbio mbio, kwa hiyo shavu na midomo vilitoka ukoo mmoja na sikununua blasha. Fanya shavu moja kwanza, ndipo lingine. Ukipachika yote mawili kwa pamoja, la pili litakauka likiwa nukta, na nukta hiyo haitoki.

Glosi ya 1,500 ilibaki kwenye pochi. Kusudi. Mafuta ya glosi yanaivunja lipstiki kavu, kwa hiyo ni kitu cha baada ya kula, katikati ya mdomo wa chini tu, pale picha zinapoanza.

Kope za kubandika zilikuwa 2,500 pamoja na kichupa cha gundi. Hizi za bei ya chini zina uzi mnene na mgumu, ukizibandika nzima zinakusimamia jichoni na kila mtu anaona mlango umewekewa kizingiti. Nilizikata katikati. Nusu moja kila jicho, kwenye kona ya nje, nikabakiwa na jozi nyingine ya kwenda nayo wiki ijayo! Gundi ipake kwenye uzi, subiri kidogo mpaka inate, ndipo ubandike kwa kibano ukitazama chini kwenye kioo kilicholala mezani. Gundi nyingi za kope zina mpira wa latex na wapo wanaodhurika nayo, kwa hiyo tone moja ndani ya mkono siku moja kabla si ushamba. Jicho huna la akiba.

Maskara: 3,000. Maji matupu. Ilishikamanisha kope zangu tatu tatu, ikatia vitone chini ya jicho nilipocheka, na kwa kuwa kona tayari zilikuwa na nusu zangu nzuri, haikuwa na kazi yoyote ya maana. Tuendelee.

Mwisho nikapulizia maji ya mawaridi kutoka kwenye chupa yenye pampu, yale yale ya kunyunyiziwa wageni kwenye maulidi na harusi za pwani; mama yangu hakosi chupa kabatini. Yanaua ule unga unga wa poda na uso unarudi kuwa ngozi. Nisiwadanganye, hayagandishi mekapu, hayana ile gundi nyepesi iliyomo kwenye maji ya dukani ya kushika vipodozi. Ila harufu yake! Angalieni tu lebo, maana yapo yaliyotiwa manukato makali, na hayo ni ya nguo.

Haya, tukatoka. Nilichagua bajaji nikaikataa bodaboda, kwa sababu kofia ya boda inakufuta paji la uso lote na inaondoka na fundesheni ya abiria anayefuata pia. Upepo wa barabara ya Ali Hassan Mwinyi haukutikisa kitu. Coco Beach ilikuwa imejaa, moshi wa mishikaki, muziki kutoka kila upande, bahari inapumua unyevu wake wa chumvi. Mihogo ilikuja na kachumbari na pilipili ya kutoa machozi. Machozi yalitoka kweli! Nikayapangusa kwa ncha ya tishu, kwa kugusa, na penseli haikusogea. Kona moja ya kope iliinuka kidogo kwa sababu ya upepo. Nikaibonyeza kwa ukucha ikarudi mahali pake, kichupa cha gundi kikabaki salama kwenye pochi.

Mishikaki ndiyo mtihani wa taifa. Mafuta yanayeyusha mafuta, na midomo ndiyo lango. Baada ya mshikaki wa pili lipstiki ilikuwa imeondoka ndani ya mdomo, pale unapokutana na nyama, lakini pembeni imesimama imara, na ule mstari wa kahawia umebaki unalinda mipaka. Watu wangelia. Mimi nikatoa glosi ya 1,500, nikapaka katikati, na jamani, ikawa nzuri kuliko mwanzo! Mzunguko wa damu ya mzee, katikati kunang'aa. Rafiki yangu mmoja aliyepakwa saluni akaniuliza nani kanipaka. Nikamwambia "fundi wangu," nikanyamaza nikafaidi mpaka nilipomwonea huruma. Mezani wakachukua ile penseli wakajichora midomo mmoja baada ya mwingine, kila mmoja nikimchongea ncha mpya. Penseli unaweza kuikopesha kwa namna hiyo. Maskara na brashi ya lipstiki usikopeshe hata kwa pacha wako, na ile lipstiki ya kujaribia dukani iliyopita midomo ya mtaa mzima ijaribie mkononi.

Jasho la kucheza lilitokeza kwenye pua. Nilikandamiza tishu nyembamba, nikaongeza poda ya ndizi kidogo niliyoibeba kwenye kikopo cha lensi. Ukiongeza poda juu ya jasho bila kulikausha unapata uji, kwa hiyo tishu kwanza, poda baadaye.

Neno moja kwa wanaokwenda sokoni kwa mara ya kwanza. Bei nafuu haina ubaya, bidhaa isiyo na lebo ndiyo yenye ubaya. Usimamizi wa vipodozi nchini ulihamia Shirika la Viwango, TBS, mwaka 2019, na unapokagua boksi tafuta orodha ya viambato, tarehe ya mwisho, na ile picha ya kikopo kilichofunguliwa chenye namba kama 12M, ikimaanisha miezi 12 tangu ukifungue. Bidhaa yenye jina kubwa la nje inayouzwa kwa bei ya soda, iache pale pale. Na muuzaji akikusogezea krimu ya "kung'arisha" ili fundesheni ikubali, mwambie ahsante uende zako: zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku kwenye vipodozi kwa sababu zinadhuru, na fundesheni inatakiwa ikufuate wewe. Wanja wa unga usio na boksi nao nauogopa, maana baadhi una madini ya risasi.

Sasa hivi nachukua mafuta ya nazi, naweka kwenye pamba, naibonyeza juu ya jicho mpaka gundi ilegee na kope zitoke bila kung'oa zangu. Kisha sabuni, kisha maji. Hakuna kulala na uso huu hata uwe mzuri namna gani.

Maksi zangu kwa haraka kabla sijazidiwa na usingizi. Penseli ya kahawia, 10 kwa 10, nunua mbili. Fundesheni za kuchanganya, 9, zingekuwa 10 kama vifuniko vyake visingevuja. Lipstiki ya damu ya mzee, 8. Poda ya ndizi, 8. Sponji, 8. Kope, 7 zikiwa nzima na 9 zikikatwa nusu. Glosi, 7, ila baada ya mishikaki ilipanda. Maskara, 2, na hizo mbili ni za boksi lake. Hiyo elfu tatu yake, mashosti, ongezeni mishikaki.